Gari la Marehemu Baba

Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja tuliyoisoma mara tatu. Mwandishi wake ni kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 26, naye ametuomba tusilitaje jina lake kwa kuwa, asema, nduguye mkubwa huisoma safu hii. Jina tumelificha. Ama yaliyomo baruani, hayo hayafichiki, kwani pasipo kuyataja hatuna la kumjibu.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana. Miongoni mwa alivyoviacha limo gari, Datsun 240Z la mwaka 1972, la milango miwili na viti viwili. Marehemu alilinunua mwaka 1981 akaliendesha hata mwaka 2003, kisha akaliingiza bandani nyuma ya nyumba, wala halikutoka tena. Kuku wamelitagia. Nduguye mkubwa ataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa uzito wake, ili banda lipangishwe. Mama hataki liuzwe, wala hataki liguswe. Na kijana wetu, aliyesoma ukanika na kuchomelea chuma katika chuo cha ufundi, ataka kulifufua: alitoe kutu, alitie injini kubwa zaidi, alikate madgadi lipate kuvaa matairi mapana, kisha alipulize rangi nyeusi. Atuuliza, "Nianzie wapi?"

Magari ya umbo hili Wafaransa waliyapa jina ambalo likitamkwa kwa ulimi wetu huwa "kupe". Kwao maana yake ni kilichokatwa, kwani asili yake ni gari la farasi lililopunguzwa viti likabaki la abiria wawili. Kwetu sisi kupe ni mdudu. Nasi tuliowahi kukaa miaka minne bandani na gari la aina hii hii twaweza kushuhudia kwamba maana ya Kiswahili nayo ina haki yake, kwani hunyonya usiku na mchana, na hushiba polepole.

Basi twamjibu mwanetu kwamba aanzie mbali kidogo na banda. Gari hili si lake. Ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu, baada ya kutolewa gharama za maziko, na madeni, na wasia kama upo, huwa ya warithi wote. Kwa alivyotueleza, wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia, na walioachwa ni mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hesabu yake si ngumu. Mama ana thumuni, na kilichobaki hugawiwa watoto, mwana wa kiume mara mbili ya binti. Ukiligawa gari mafungu 40, mama ana 5, kila mwana wa kiume ana 14, na binti ana 7. Kwa hiyo fungu la kijana wetu halifiki hata nusu. Siku atakapotia msumeno katika madgadi, atakuwa akikata na la mama yake.

Liko na jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuisome barua mara ya tatu. Pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, kijana ameandika kwamba amekwisha kujua bei ya magari haya huko ng'ambo, na nduguye hajui. Ni kweli kwamba yana bei. Moja la mwaka 1971, lililohifadhiwa likabaki karibu kama lilivyotoka kiwandani, liliuzwa mnadani Marekani mwezi wa Januari 2020 kwa dola 310,000. Gari la bandani Mombasa silo hilo, na asijidanganye kwamba litakuwa hilo. Lakini silo chuma chakavu pia. Kulinunua fungu la nduguye kwa bei ya kilo, ilhali unajua na yeye hajui, hakuna jina zuri la kuliita jambo hilo, na hatudhani kwamba kijana aliyejisumbua kuliandika pembeni mwa karatasi halijui jina lake.

Awakusanye mama, ndugu na dada, awaambie yote ayajuayo, awaonyeshe na hizo bei. Waite fundi asiye na fungu katika jambo hili, alithamini gari kama lilivyo leo, pamoja na kuku wake. Kisha ama alichukue katika sehemu yake ya urithi, ama awalipe wenziwe kidogo kidogo, na yote yaandikwe na kushuhudiwa. Na afanye hayo kabla nduguye hajaifikia safu hii.

Tukichukulia kwamba hayo yamekwisha kwa salama, sasa twaweza kuingia bandani.

Gari hili lilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z, na ng'ambo likauzwa kwa jina la Datsun 240Z, kwani Yutaka Katayama, aliyekuwa mkuu wa biashara yao huko Marekani, hakulipenda lile jina la kibibi. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa safu moja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Uzito wake ni zaidi kidogo ya kilo 1,000. Pamoja na ndugu zake wawili waliolifuata, 260Z na 280Z, yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni hata mwaka 1978. Wazee wetu wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa sababu nyingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na dereva mwingine wa Datsun. Huenda marehemu naye alikuwamo miongoni mwa waliosimama kando ya njia wakila vumbi la magari hayo. Wengi waliokuja kuyanunua baadaye waliyapenda tangu hapo.

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba gari hili halina fremu ya chuma kizito chini yake kama lori. Bati lenyewe ndilo mifupa. Kutu iliyoingia sakafuni si aibu ya ngozi, ni maradhi ya uti wa mgongo. Na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma. Kabla hajanunua hata msumari, mwanetu achukue bisibisi na nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge na kuchoma. Atazame chini ya betri, kwani tindikali hudondoka pale ikala bati na kuteremka hata kwenye mhimili ulio chini yake. Atazame sakafu mbele ya viti vyote viwili, na ile mihimili miwili iliyochomelewa chini ya sakafu. Atazame nyuma ya milango, pale bati linapokunja kuelekea gurudumu. Ainue mlango wa nyuma, atazame ukingo wake wa chini. Na asisahau matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, ambapo majani huoza na maji ya mvua hukosa njia. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza.

Baada ya uchunguzi huo ndipo atakapojua kama ana gari au ana picha ya gari. Twasema hivi bila kumkatisha tamaa. Sisi wenyewe tulianza kwa rangi. Tulikuwa na haraka ya kuliona likimeremeta, tukalipuliza rangi ya kupendeza, na miezi minane baadaye rangi ile ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, kwani chini yake kutu ilikuwa ikiendelea na shughuli zake. Rangi ni kazi ya mwisho.

Kazi ya kwanza ni usalama, nasi hapa hatutanii, kwani banda liko nyumbani na nyumbani wako watoto. Gari lisimamishwe juu ya stendi nne za chuma, si juu ya jeki, wala si juu ya matofali, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa. Betri ifunguliwe. Petroli iliyolala tangu mwaka 2003 imekwisha kuwa gundi yenye harufu mbaya. Imwagwe kwenye madumu nje ya banda, na tangi lishushwe kabla cheche ya kwanza haijawashwa. Tangi hilo lisichomelewe kabisa hata likionekana kavu, kwani mvuke uliobakia ndani yake hulipuka kama bomu. Mavumbi ya breki za zamani yasipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwani breki za miaka ile zilitiwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Yaloweshwe maji na kufutwa kwa kitambaa cha kutupwa. Rangi ya zamani nayo yaweza kuwa na risasi ndani yake. Isisuguliwe kavu mahali wanapocheza watoto.

Liko na suala la mikono, ambalo vijana wa kazi hii hutuuliza mara kwa mara. Weusi unaobaki katika ngozi baada ya kuosha hauna neno, lakini tabaka la grisi au la rangi linalozuia maji yasifike ngozini halina budi kuondolewa kabla ya udhu. Asitumie petroli, kwani hupenya ngozini na kuipasua. Mafuta ya kupikia na kijiko cha sukari, yakisuguliwa vizuri, kisha sabuni, hufanya kazi ile ile. Tena mke au mama hatagomba, isipokuwa kwa ajili ya sukari.

Injini iliyolala miaka mingi isilazimishwe. Azitoe plagi zote sita, atie oili kidogo katika kila silinda, aiache siku tatu au nne, kisha aizungushe kwa mkono, kwa spana, taratibu, kabla ya kuifikiria stata. Ikizunguka, atakuwa ameokoa fedha nyingi. Ikigoma, itambidi afungue kichwa cha injini, na hapa tuna kisa.

Katika injini hii mnyororo unaozungusha valvu hukazwa na kijiti kinachosukumwa na springi. Ukikifungua kichwa cha injini bila kwanza kupigilia kabari ya mti katikati ya mnyororo, kijiti hicho huchomoka mahali pake, na hapo hakuna budi kuufungua uso wote wa mbele wa injini ili kukirudisha. Mzee mmoja fundi alituambia hayo. Tulimwitikia kwa adabu, tukaona moyoni kwamba kabari ya mti ni mambo ya kizamani. Tulipoinua kichwa tukasikia "tak", sauti ndogo tu. Sauti ile ilitugharimu siku tano, na mzee alipopita kutuona hakusema neno. Aliitazama injini iliyofunguliwa uso, akaomba chai.

Itakapokuja saa ya kuifunga tena, mpangilio wa moto ni 1, 5, 3, 6, 2, 4, na nafasi ya valvu injini ikiwa moto ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa. Tumeyaandika hapa kwa sababu karatasi za bandani hupotea.

Katika bati asiwe na pupa. Kabla ya kukata sakafu iliyooza, achomelee kwa muda vyuma vya kushikilia katika nafasi za milango, kwani gari lisilo na fremu likikatwa sakafu hujikunja, na milango haifungi tena maisha yake yote. Bati jipya lishikizwe kwa vidoto vilivyo mbali mbali, huku kimoja na kule kimoja, lipate kupoa, kwani bati la karibu milimita moja likipashwa moto mfululizo huvimba mawimbi. Na ile puti ya kuzibia mabonde ni ya kulainisha uso tu, unene wa ukucha. Aliyeijaza katika tundu la kutu amelifanya gari zuri kwa muda wa kulionyesha kwa mnunuzi. Tumeyaona magari ya namna hiyo, na tumewaona walioyanunua. Mwanetu apige picha za kila hatua kabla ya kufunika kwa rangi. Ikitokea siku moja limeuzwa, mnunuzi naye ana haki ya kuona kilicho chini.

Sasa tuje kwenye hamu yake ya kuligeuza, ambayo mama yake haitaki. Hapa tuna rai, na asiyeiafiki tutampa nafasi mwezi ujao. Kuna mageuzi yanayoweza kurudishwa na kuna yasiyorudishika, na tofauti yake ni msumeno. Injini kubwa aitakayo yaweza kuwa ile ya L28, yenye ujazo wa 2,753, ambayo ni ndugu wa ile ya kwanza. Hukaa juu ya vikalio vile vile, na kwetu hupatikana, kwani ilitiwa hata katika baadhi ya Nissan Patrol za miaka ya 1980. Ya kwanza ifunikwe ihifadhiwe, na mabadiliko yaingizwe katika hati ya usajili na kujulishwa watu wa bima. Breki za mbele zaweza kutiwa nguvu kwa kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya gia nne kwa nne za miaka ya mwanzo ya 1980, ambazo kwa bahati hufungika pale pale. Wengi hukata bamba la kuzuia vumbi lililo nyuma ya diski ili zienee. Yeye alifungue bamba zima na kuliweka sandukuni. Taa nazo zina kasoro tangu kiwandani: umeme wake wote hupita katika swichi iliyo shingoni mwa usukani, na swichi hupata moto hata ikayeyuka. Rilei mbili zilizofichwa karibu na taa huondoa balaa hilo, na taa huwaka kwa nguvu zaidi.

Kabla hajampakia mtu yeyote, abadilishe mipira ya kuzibia mlango wa nyuma na taa za nyuma. Magari haya yana tabia ya kuvuta moshi wa ekzosi ndani likiwa mwendoni, na mipira ya mvuke wa petroli iliyofichwa ubavuni mwa nyuma nayo hupasuka kwa uzee. Harufu ile wengi huizoea, wakadhani ndiyo harufu ya gari la kale. Moshi huo una sumu isiyo na harufu pamoja na ile yenye harufu.

Yote hayo yaweza kufunguliwa kwa spana siku moja na gari likarudi kuwa la baba. Lakini madgadi yakikatwa yamekatwa. Matairi mapana kiasi yaweza kuenea bila kukata akichagua rimu kwa makini. Yakikataa kuenea, basi ni mapana kupita gari.

Na kuhusu mama: kijana ametuandikia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba liko bonde kubwa katika madgadi ya nyuma upande wa kushoto, na kwamba mama amesema lisinyooshwe kwa hali yoyote. Marehemu aliligonga kwenye mnazi usiku wa mwaka 1984, akirudi nyuma kwa haraka kumpeleka mama hospitali, naye ana uchungu wa kuzaa. Binti alizaliwa kabla ya alfajiri. Kijana aona kwamba bonde hilo litaiharibu rangi yake nyeusi.

Lile gari la Herrmann lililoshinda mwaka 1971 liko Japani, katika hifadhi ya Nissan huko Zama. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo, kwa kujitolea, walilifufua likaweza kwenda tena kwa nguvu zake. Injini waliihangaikia. Lakini mabonde na mikwaruzo ya mwilini, aliyotoka nayo katika njia zetu, waliyaacha kama yalivyo. Hao ni watengenezaji wenyewe wa gari, wenye mitambo yote ya kunyoosha bati, nao hawakulinyoosha. Kutu katika bonde la mnazi lazima itibiwe, kwani kutu haijui kumbukumbu, na fundi mzuri aweza kuiondoa, akapaka rangi ya kuzuia, na umbo la bonde likabaki.

Tulipoifunga barua tuligundua jambo moja. Katika kurasa nne dada ametajwa mara mbili: katika hesabu ya warithi, na katika kisa cha mnazi. Rai ya ndugu mkubwa tumeijua, ya mama tumeijua, ya kijana tumeijua sana. Yake hakuna aliyemwuliza. Ana mafungu 7 katika 40, na bonde lile ni la usiku wake. Mwanetu amwendee kabla ya kununua stendi, kisha atuandikie alilojibiwa, pamoja na namba iliyogongwa katika ukuta unaoitenga injini na viti. Ikianza na HS30, na ikilingana na ile iliyo katika hati ya usajili ya marehemu, tutamwambia mwezi ujao habari za vipuri.